Kuuchanja Moyo

Kilosa, 12 Juni 1997

Kwa Nasieku, bibi harusi wangu uliyenikimbia ukaenda Mikumi kudunga watu sindano.

Ng'ombe hawajambo. Watoto hawajambo. Bibi yako Namayiana hajambo isipokuwa goti, na goti lenyewe linauma siku za kuchota maji, siku za harusi linapona. Baba yako mdogo Kisio amepata mtoto wa kike, sasa ana miezi miwili, tumemwita Nalepo, analia usiku kucha utadhani ametumwa. Shikamoo yako nimeisikia tangu hujaiandika: marahaba.

Huku ruksa ya soko huria imefika mpaka kwa kupe. Josho la serikali limekauka, mbuzi wanazalia humo ndani, na bwana mifugo aliyekuwa akilisimamia amepunguzwa kazini, sasa anauza soda stendi. Dawa ya kuogeshea tunanunua kwa Mwinshehe, yule mwenye duka la dawa za mifugo ambaye ndiye anayenitunzia barua zako. Mwenye pesa ng'ombe wake wanaoga, asiye nazo anamwomba Mungu. Basi ndigana, ule ugonjwa wa kupe, imerudi. Ndama wengi wameugua na baadhi nimewazika. Waliopona nimewakata ncha ya sikio, kama ilivyo desturi ya nyumba yetu, maana aliyepona ndigana hafi tena kwa ndigana. Mnadani watu wanatazama sikio kwanza, bei baadaye.

Sasa neno lililonifanya nishike kalamu. Nina rafiki yangu, mzee mwenzangu, humjui. Kila asubuhi anatoka na ng'ombe kupanda kile kilima nyuma ya boma. Akifika katikati kifua kinambana kama amekaliwa na mtu mnene, na mkono wa kushoto unakuwa mzito. Anakaa juu ya jiwe, kinaachia. Halafu, na hapa ndipo penye swali, akisimama na kuendelea anafika mpaka juu, tena kwa mwendo uleule, na kifua hakimbani tena asubuhi yote. Kilima ni kilekile na mzee ni yuleyule. Kwa nini kibane mara ya kwanza, kisibane mara ya pili? Nimeona magonjwa mengi ya wanyama na ya watu, lakini ugonjwa wenye aibu namna hii sijauona.

Nijibu upesi. Rafiki yangu anataka kujua.

Mimi babu yako,
Kaelo


Mikumi, 29 Juni 1997

Babu yangu, shikamoo.

Mke mwenzangu Namayiana naye shikamoo, na pole ya goti. Mtoto Nalepo mtemee mate ya baraka kwa niaba yangu. Mimi mzima, kazi nyingi. Zahanati yetu ni ya binafsi, ipo kando ya barabara kuu, kwa hiyo tunapokea kila namna ya watu: madereva wa malori, vibarua wa miwa kutoka Kidodi, na juzi bwana mmoja aliyekimbizwa na nyati. Nyati hakumgusa. Aliumia kwa kuanguka kutoka juu ya mti, baada ya nyati kuondoka.

Barua yako nimeisoma na kuirudia. Kinachobana si kifua, babu, ni moyo. Mishipa inayoulisha moyo damu imekuwa myembamba, na mtu akipanda kilima moyo unadai chakula kuliko unachopata. Huyo rafiki yako ana miaka mingapi? Anatoka jasho la baridi? Amewahi kuzimia? Nataka aje Mikumi apimwe.

Ama kwa nini hakibani mara ya pili, sijui. Nilimuuliza Daktari Ditram tukiwa mezani, akaweka kijiko chini. Yeye ni mtu wa Mahenge aliyesomea udaktari Ulaya, na mpaka leo mwenzake mmoja wa darasani anamtumia majarida. Ukimuuliza habari za hesabu za zahanati anapiga miayo. Ukimuuliza swali kama lako chakula kinapoa. Akasema madaktari wanalijua jambo hilo tangu zamani, ila kulieleza ndiyo kazi. Ameahidi kutafuta.

Nimempa Tomasi, kondakta wa basi la Kilosa, bahasha yenye vidonge. Rafiki yako ameze kimoja kwa siku, akiwa ameshakula. Je, Baba mdogo Kisio anajua habari za mzee huyu?

Mjukuu wako,
Nasieku


Kilosa, 3 Agosti 1997

Nasieku, ng'ombe hawajambo na watoto hawajambo.

Nalepo ameota jino mapema na sasa anauma badala ya kulia, nafuu kwetu sote isipokuwa mama yake. Kisio ameninunia. Alinunua ng'ombe mzee kutoka nyanda za Iringa, kwenye baridi, ambako kupe ni wachache. Ng'ombe mzuri, maziwa mengi. Akataka kumwachia malishoni pamoja na ndama ili eti azoee kupe taratibu kama wao. Nilimnyanyulia fimbo. Nikamwambia, mwanangu, ndama anaumwa kidogo, mwili wake unajifunza, anaamka na ngao. Mwili wa ng'ombe mzee haujifunzi, hiyo kidogo ndiyo itakayomuua. Ng'ombe mzee hachanjwi kwa kupe, anaogeshwa na kulindwa mpaka siku yake. Kisio akasema nimepitwa na wakati. Ng'ombe anaogeshwa.

Vidonge vimefika, rafiki yangu anameza. Umri wake umeuliza. Sisi hatuhesabu miaka, tunahesabu rika, na yeye ni wa rika langu, kwa hiyo ni kijana wa kutosha. Jasho anatoka, nani asiyetoka jasho kilimani? Kuhusu kuzimia hakuniambia kitu. Mikumi hatakuja, ng'ombe wake hawana mtu.

Kisio hajui, wala hatajua. Nisikilize vizuri hapa. Wana wa mzee huyo wakijua kwamba kifua kinambana, watamnyang'anya fimbo kwa heshima zote. Watasema, baba, umefanya kazi ya kutosha, kaa hapa unywe maziwa. Nimewaona waliokalishwa hivyo. Wanauliza kila anayepita, ng'ombe wamekunywa? wamekunywa wapi? na hakuna anayewajibu sawasawa. Rafiki yangu afadhali afie nyuma ya ng'ombe wake. Niahidi kwamba Kisio hatasikia neno hili kutoka kwako.

Na mwulize Daktari: mbona kesho yake kifua kinasahau? Jana kilikubali kilima, leo kinaanza upya. Kama moyo unajifunza, mbona haukumbuki hata usiku mmoja?

Babu yako,
Kaelo


Mikumi, 24 Agosti 1997

Babu, shikamoo mbili, moja yako na moja ya rafiki yako.

Mimi mzima ila nimehama. Chumba nilichopanga mwenye nyumba amekigeuza duka la mitumba, sasa naishi nyuma ya mashine ya kusaga na kila kitu changu kina unga. Poleni na yule ng'ombe wa Iringa. Kisio atanuna mpaka siku ya kukamua, halafu atacheka.

Ahadi nimekuwekea. Siipendi, lakini nimekuwekea.

Sasa kaa chini, maana Daktari Ditram amepata! Watafiti fulani wa Marekani walichukua mbwa, wakaubana mshipa mmoja wa moyo dakika chache, wakauachia, wakaubana tena, wakauachia. Baada ya hapo wakaubana muda mrefu, mpaka moyo uumie kweli. Mbwa wengine wakabanwa ule muda mrefu tu, bila midogo ya kutangulia. Daktari akaniuliza, wepi waliumia zaidi? Nikasema waliobanwa mara nyingi, si wazi hiyo? Akapiga meza kwa furaha mpaka chai ikamwagika. Ni kinyume, babu! Waliobanwa kidogo kidogo kwanza, mioyo yao iliumia kidogo mno.

Yaani moyo ukionja njaa ya damu unashtuka, unajiandaa, na kwa saa chache zinazofuata unakuwa mgumu kuumia. Daktari anadhani ndicho kinachomtokea rafiki yako pale juu ya jiwe, au kitu cha ukoo huohuo. Maandalizi hayo yanapoa, ndiyo maana kesho yake kifua kinaanza upya. Na kwa binadamu imeonekana kwamba waliopatwa na mshtuko mkubwa wa moyo wakiwa wameshabanwabanwa siku za karibuni, wengi walitoka salama kuliko waliopigwa ghafla.

Nimekuwa muuguzi miaka yote hii nikiuhesabu moyo kama pampu. Sikujua una akili ya kujilinda. Siku ile nilirudi nyumbani nimeushika wangu kwa mkono, watu njiani wakanipa pole wakidhani naumwa.

Jarida hatujalimaliza, na mengine mapya yako njiani. Rafiki yako aje apimwe, hayo mengine ni mazungumzo tu.

Nasieku wako


Kilosa, 9 Oktoba 1997

Bibi harusi wangu, ng'ombe hawajambo, watoto hawajambo, na mimi nimefurahi kama nimeoa upya. Usimwambie Namayiana.

Mwambie Daktari wako Wamarekani wamechelewa. Jambo hilo sisi tunalijua tangu enzi za babu yangu, ila tulilijua kwa ndama. Ugonjwa mdogo unafukuza ugonjwa mkubwa! Barua yako nimeisoma kwa sauti dukani kwa Mwinshehe, wateja wakasahau walichofuata. Mwinshehe ameuliza kama hao mbwa walilipwa.

Rafiki yangu ameamua kuuchanja moyo wake. Zamani kifua kikimbana alikuwa anakasirika, siku hizi anakitafuta. Asubuhi anakiharakisha kilima mpaka kibane barabara, anakaa kwenye jiwe, kinaachia. Jioni tena. Akiwa na nguvu anaongeza katikati. Nasieku, hujui furaha aliyonayo. Alikuwa anaogopa kulala, alikuwa anahesabu mapigo gizani na kumsikiliza mkewe akikoroma. Sasa analala. Anasema mkubwa ukija utamkuta ameshachanjwa, na bibi yako, aliyesikia neno chanjo asijue linahusu nini, ameuliza kwa mzaha kama na yeye akatwe sikio. Nimemjibu la kwake lilishatobolewa tangu ujanani, nafasi imekwisha.

Kweli siku hizi kinabana haraka kidogo kuliko zamani, na kinachukua muda kuachia. Nadhani chanjo ndiyo inaingia.

Mvua zimeanza mapema. Redio ya Mwinshehe inasema mwaka huu zitakuwa za ajabu.

Babu yako,
Kaelo


Mikumi, 2 Novemba 1997

Babu, shikamoo. Salamu nyingine utanidai.

Aache. Mwambie aache leo, kabla hujaikunja barua hii.

Barua yako ilinikuta kazini, nikaisoma nimesimama, kisha nikaenda kumpa Daktari Ditram. Aliisoma akavua miwani. Jarida jipya limekuja. Madaktari wa Italia walitazama wagonjwa wao wa mshtuko wa moyo, wakawatenga kwa umri. Kwa wale ambao bado hawajazeeka ni kama nilivyokuandikia: waliobanwa siku za kabla walinusurika zaidi. Lakini kwa waliopita miaka sitini na mitano hakukuwa na tofauti yoyote. Kubanwa kwao kulikuwa kubanwa tu, hakukuwalinda na kitu. Hata wanyama wazee waliojaribiwa wameonyesha hivyohivyo. Moyo ukizeeka, ile akili ya kujiandaa inafifia. Daktari hajui ni kwa nini. Labda moyo hautoi tena amri, labda amri inatolewa na nyama zake hazisikii. Unamkumbuka mbwa wako mzee? Mwishoni, fisi akija, yeye alikuwa anafungua jicho moja, analifunga.

Na kile unachokiita chanjo kuingia, babu, kubana haraka na kuchelewa kuachia, ni dalili kwamba mshipa unaziba. Mtu wa hivyo anakaa karibu na hospitali, hapandi kilima kutafuta maumivu.

Mimi nilikuandikia maajabu, wewe ukayasoma kama maagizo. Lakini aliyeandika kabla ya kumaliza kusoma ni mimi, na naogopa. Naogopa sana. Baba yangu alipofariki nilikuwa mdogo, na wewe ndiye uliyenipeleka shule ukasema ng'ombe mmoja wa ada hana uchungu. Sitaki barua zangu zirudi siku moja kwa kukosa wa kuzisoma.

Nijibu kwa mstari mmoja tu: ameacha.

Nasieku


Mikumi, 14 Desemba 1997

Babu, shikamoo.

Sina jibu lako. Basi la Kilosa haliji tena, barabara imekatika huko Zombo na reli nayo wanasema imefunikwa na maji. Hii mvua wanayoiita Elinino haina adabu, paka wa jirani anaishi juu ya kabati langu. Barua yangu ya Novemba sijui iko wapi, na hii naiweka posta nikijua itafuata njia ileile.

Kwa hiyo nimefanya jambo. Vijana wawili wa kwetu walipita hapa na ng'ombe wakielekea Kilosa kwa miguu, kwa njia za juu ambazo maji hayafiki. Nimewapa ujumbe wa mdomo, waufikishe kwa Baba mdogo Kisio mwenyewe, si kwako. Ningeuleta kwako ungesema rafiki yako hajambo. Ujumbe ni huu: usimwache baba yako apande kilima peke yake.

Niliahidi, na ahadi nimeivunja kwa macho makavu. Nikasirikie, lakini uwe hai wa kukasirika.

Nasieku


Kilosa, 25 Januari 1998

Nasieku.

Ng'ombe wamepungua, maji yamechukua baadhi. Watoto hawajambo. Bibi yako hajambo, goti limemwacha kabisa tangu alipoanza kukimbia huku na huku. Duka la Mwinshehe lilijaa maji mpaka kwenye rafu ya pili. Barua zako mbili amezianika juu ya bati pamoja na noti zake, akaniletea leo zinanuka dawa ya kupe.

Nitakupa habari za rafiki yangu, kwa kuwa uliziulizia.

Siku tatu kabla ya Krismasi maji yalipanda kutoka bondeni alfajiri. Ng'ombe walikuwa zizini. Rafiki yangu alikuwa ameshaamka akafanya chanjo yake, kifua kikabana, kikaachia. Alipoona maji akasema, Mungu mkubwa, nimeshajiandaa. Akafungua zizi akawaswaga ng'ombe kilimani mwenyewe, mbio, akipiga mluzi kama kijana. Katikati ya kilima kifua kikabana. Hakukaa kwenye jiwe. Alijua ni mara ya pili, na mara ya pili hakibani. Akaendelea.

Huo haukuwa ule mbano wa siku zote. Anasema ulimshika kuanzia taya mpaka kwenye kitovu, na ng'ombe wakaendelea kupanda bila yeye, kwato zikimpita huku na huku, wala hakuna aliyemkanyaga. Alianguka usoni, kwenye matope. Alitapika. Alisikia maji chini yake na hakuweza kugeuka.

Sasa kuna mtu alikuwa kichakani. Kisio, siku zile zote, alikuwa akimfuata kwa siri kama fisi, kwa sababu kuna mtu wa Mikumi alimtumia maneno. Alimbeba mgongoni mpaka mahali pakavu, wakamlaza kwenye kitanda cha kamba, wakapokezana vijana mpaka hospitali. Amelala huko mwezi mzima. Daktari wa huko amesema sehemu ya moyo imekufa na haitaamka, na kwamba angechelewa kidogo tungekuwa tumeshamaliza matanga.

Umevunja ahadi. Rafiki yangu ameniagiza nikuambie kwamba amekasirika sana, na kwamba yuko hai.

Fimbo yake anayo Kisio.

Kaelo


Mikumi, 15 Februari 1998

Babu yangu mpenzi, shikamoo.

Sina habari za nyumbani za kukupa. Nilisoma barua yako nikakaa sakafuni kwenye unga, nikalia mpaka mwenye mashine akazima mashine. Mwambie rafiki yako nampenda kuliko anavyojua. Mwambie hasira yake naipokea kwa mikono miwili.

Daktari Ditram anampa pole. Ameandika maelekezo ambayo nimeyaweka kwenye bahasha pamoja na vidonge vipya, vidogo, vya kuweka chini ya ulimi kifua kikianza. Amesema asikalishwe. Atembee kila siku, mahali tambarare, polepole, na asimame kabla ya kubanwa, si baada. Maumivu si mwalimu wake tena.

Nikamuuliza swali lako la zamani, kwa namna nyingine. Nikasema, Daktari, wazee wa kwetu wanatembea tangu utotoni na wanakula kidogo. Je, moyo wa mzee anayetembea unasahau kujilinda sawa na moyo wa mzee anayekaa kwenye kiti? Akasema hilo ni swali zuri, jibu lake hajalisoma popote, na angependa kuishi mpaka alisome. Amemwandikia yule mwenzake wa Ulaya kuuliza.

Nitakuja barabara ikifunguka.

Nasieku wako


Kilosa, 5 Aprili 1998

Bibi harusi wangu,

Ng'ombe hawajambo, watoto hawajambo. Nalepo anatambaa, anakula udongo na kuuchagua. Kisio alikuja juzi jioni akasimama mbele yangu muda mrefu, kama alivyokuwa akifanya utotoni akivunja kitu. Nikajua limefika lile la kukalishwa kivulini na maziwa. Akasema, baba, ng'ombe wakubwa nitawachukua mimi. Kisha akanirudishia fimbo. Akasema ndama hawana mtu, na ndama hawapandi kilima.

Kwa hiyo kila asubuhi natoka nao kwenda bondeni, kwenye majani mapya yaliyoletwa na mafuriko. Wao wanasimama kila hatua kunusa kitu, na mimi nasimama nao. Kifua hakinibani kwa sababu sikipi nafasi. Bibi yako anatutazama kutoka mlangoni akisema haijulikani nani anamchunga nani. Mwambie Daktari kama anatafuta mzee wa kutembea ili lile jibu lipatikane, ampate huku. Nitatembea mpaka barua ya Ulaya ije, na ikichelewa nitaendelea kutembea, maana na mimi nataka kujua. Nikifa kabla yake, aje amuulize Namayiana nilikuwa natembea vipi.

Yule ng'ombe wa Iringa amenusurika mafuriko. Jana nilikuwa namwogesha. Nikamshika sikio, zima, halina alama, nikakumbuka nilivyomfokea Kisio. Nilimwambia mwili wa mzee haujifunzi kwa kuumizwa. Nilimwambia hiyo kidogo ndiyo itakayomuua. Nililisema lote, na wiki chache baadaye nikaisoma barua yako ya mbwa nikakimbilia kilimani. Nikasimama pale na pampu ya dawa mkononi mpaka ng'ombe akageuka kunitazama.

Niliyajua yote ya ng'ombe mzee, Nasieku. Nilichokuwa sijui ni kwamba yule rafiki yangu ni mimi, na kwamba amezeeka.

Ukija niletee ugoro.

Kaelo